Mashine Iliyomwamkia Mkuu Kila Sekunde

Nchi hii sitaitaja jina. Yenyewe inapenda itajwe kwa wimbo, watu wakiwa wamesimama wima, na mimi hapa nimekaa, viatu nimevua. Itoshe kusema ni nchi ya amani sana, na ukitaka kubisha kuna fomu yake.

Zamani watu wa nchi hiyo walikuwa wanaishi ovyo tu, kila mmoja kivyake, serikali haina habari. Likaonekana ni jambo la hatari. Ikaundwa Wizara ya Uthibitisho wa Uhai. Tangu hapo, ukienda popote, iwe posta, shule, hospitali, hata kufunga ndoa, unataja kwanza namba yako dirishani. Karani anaiuliza mashine, mashine inajibu, "Yuko hai," ndipo unaambiwa karibu. Mashine isipojibu, unabaki pale pale ulipo, kwa masikitiko ya serikali.

Mashine yenyewe ilikuwa moja. Wataalamu huiita seva, lakini Wizara iliiita Mkuu. Sababu ni kwamba chumba pekee chenye kiyoyozi kinachofanya kazi kilikuwa cha ngazi ya mkurugenzi, na kanuni haziruhusu kitu kisicho na cheo kukaa humo. Basi ikapewa cheo, kibao mlangoni, zulia, bendera ndogo ya mezani, na kikombe cha chai saa nne. Chai ilikuwa inaletwa na mhudumu, inakaa mbele ya Mkuu dakika kumi kwa heshima, kisha mhudumu anainywa.

Tatizo la Mkuu, kwa heshima zote, lilikuwa kuzimika. Joto likizidi, anazimika. Panya akipita, anazimika. Siku moja alizimika mpira umefika dakika ya sitini. Mwamuzi akapuliza filimbi, akawatangazia wachezaji ishirini na wawili kwamba kisheria uwanjani hakuna mtu. Mechi ikaandikwa haikuchezwa. Mmoja alikuwa ameshavunjika mguu, na mguu nao ukaandikwa haukuvunjika. Mwezi uliofuata alizimika wakati kanisani padri ameshamthibitisha bibi harusi, bado bwana harusi. Yule binti alikaa saa tano ameolewa nusu, na mtu ambaye hayupo.

Watu walicheka sana. Hata Wizara ilicheka, baada ya kupata kibali.

*

Aliyekuwa hacheki ni fundi wa Mkuu, Kasiani Ndimbo. Mtu mpole, mwembamba, shati lake mfukoni lina bisibisi mbili siku zote kama wengine wanavyobeba kalamu. Ofisi yake ilikuwa mkabala na masjala, na masjala ndiko nilikokuwa mimi, nikitunza mafaili, kwa hiyo chochote kilichomkera nilikuwa nakisikia kabla hajakimaliza.

Dada yake, Mwalimu Theopista, figo zilikuwa zimegoma. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ilibidi aende hospitali ya rufaa akasafishwe damu. Akikosa siku moja, miguu inavimba. Akikosa mbili, pumzi inakuwa ya kuhesabu. Akikosa tatu, hapo hakuna aliyetaka kufika kuona. Na hospitali, kama kwingine kote, ilikuwa haimgusi mtu ambaye Mkuu hajamthibitisha.

Siku moja Theopista alipita ofisini kumsalimia mdogo wake. Akakaa kwenye kiti changu, akavua ndala, tukaona miguu.

"Jana nimekaa kwenye benchi saa sita," akasema. "Sista Koleta ananijua. Ananiita shangazi, kaniwekea mpaka mto mgongoni. Nikifika dirishani ananiambia mtambo haukujui. Nikamwambia, nifinye basi, uone kama sitapiga kelele."

"Akasemaje?"

"Akasema shangazi, kelele si ushahidi."

Tulicheka wote watatu. Kisha Kasiani akaacha.

"Dada, nitafanya kitu."

"Ufanye basi. Si wewe ndiye fundi? Au hizo bisibisi ni pambo?"

*

Kasiani akaandika dokezo. Nalikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyelipiga mhuri. Aliomba mashine tatu badala ya moja, ili moja ikizimika nyingine ishike kazi pale pale, ya tatu iwe shahidi zikibishana. Likarudi na maelezo pembeni kwa wino wa kijani: mashine tatu zikikaa pamoja ni mkutano, na mkutano unataka kibali cha polisi. Akaandika upya, akaomba mbili. Akaitwa kwa Katibu Mkuu, Bwana Lugendo, mimi nikabeba faili.

"Hii mashine ya pili," akauliza Bwana Lugendo, "kutwa itakuwa inafanya nini?"

"Itakuwa inamuuliza Mkuu kama yuko hai, mzee."

Mkurugenzi wa Utawala, aliyekuwa anakunywa maji, aliyaacha mdomoni bila kuyameza.

"Inamuuliza nani?" akasema Bwana Lugendo.

"Mkuu, mzee. Kila sekunde."

"Kila sekunde! Mimi naibu wangu ananijulia hali mara moja kwa wiki, na hiyo moja tu nimeshaanza kumfuatilia. Haya, na Mkuu asipojibu?"

"Akiulizwa mara tatu asijibu, ya pili inashika nafasi yake, kazi inaendelea."

"Bila barua ya kukaimu?"

"Bila barua."

Bwana Lugendo akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa.

"Ndimbo, hayo unayoyaeleza yana jina lake, na jina hilo humu ndani halitamkwi. Kuna mtu yeyote aliyekutuma?"

"Dada yangu, mzee. Akikosa kusafishwa damu mara tatu anakufa."

"Pole sana. Lakini dada yako si kifungu cha sheria."

Hata hivyo Bwana Lugendo hakuwa mtu mbaya. Mama mkwe wake alikuwa analala na kuamka kwa dawa za hospitali ile ile. Akaunda kamati ya watu saba, ikakaa vikao kumi na moja, na kamati ikaona njia. Mdogo kumuuliza mkubwa kama yuko hai ni utovu wa adabu. Lakini mdogo kumwamkia mkubwa ni wajibu. Basi mashine ya pili, ambayo itaitwa Naibu, itasema kila sekunde, "Shikamoo Mkuu," na Mkuu atajibu, "Marahaba."

Kikao cha tano chote kiliishia kwenye ukimya. Mjumbe mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema mkubwa asipoitikia shikamoo hajafa, amenuna. Je, Naibu atajuaje? Wakakubaliana aamkie mara tatu, kwa sauti inayozidi kushuka. Mkubwa asiyeitikia shikamoo ya tatu, ama amekufa ama ana jambo zito, na vyote viwili vinahitaji mtu wa kukaimu.

Ikabaki barua. Aliyezimika hawezi kusaini. Kasiani akapendekeza Mkuu, kila anapoitikia marahaba, asaini na barua ya kumkaimisha Naibu endapo sekunde inayofuata hatakuwepo. Kamati ilimpigia makofi. Walisahau tu kuhesabu. Sekunde za siku ni elfu themanini na sita na mia nne, na kila barua ina nakala ya masjala. Nilifungua faili la kwanza saa mbili asubuhi. Saa nne nikaomba kabati. Mwezi wa pili nikakabidhiwa madarasa mawili ya shule ya jirani, wanafunzi wakahamia kwenye kivuli cha mafaili.

Naibu alipoletwa alikuwa kama Mkuu kwa kila kitu, umbo na nguvu. Akawekwa chumba cha upande wa pili wa ukuta, sakafu tupu, karibu na ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Mhudumu akamfunika kipande cha kanga kwa ajili ya vumbi. Waya ukapitishwa ukutani, na salamu zikaanza.

*

Kabla ya kuruhusiwa kukaimu kweli, Naibu alitakiwa azinduliwe. Kasiani akaomba iwe Jumapili, hospitali ikiwa haina foleni. Mheshimiwa Waziri, Shomvi Mgunda, akajibu kwamba Jumapili televisheni haina watazamaji wa maana. Ikapangwa Alhamisi saa tatu asubuhi.

Jumamosi, kisha Jumanne ya wiki ile, Mkuu akazimika. Theopista akashinda benchi siku zote mbili, jioni akarudishwa nyumbani. Jumatano usiku, Kasiani aliniambia, alilala ameegemea ukuta maana akilala chali pumzi hazitoshi. Kwa hiyo Alhamisi ile, wakati sisi tunapanga viti na bendi inapasha ngozi za ngoma moto, yeye alikuwa anasogea kwenye foleni ya dirishani kwa Sista Koleta. Na kazi ya Waziri siku hiyo ilikuwa kuchomoa waya wa umeme wa Mkuu, mbele ya watu, ili Naibu aonekane anavyokaimu.

"Naibu akikosea hii moja, Kaka Dunstani," Kasiani aliniambia, simu iko sikioni, "sina dada."

"Si umeijaribu?"

"Niijaribu lini? Kujaribu kunataka kibali cha kumzima Mkuu, na kibali kinatolewa kwenye uzinduzi."

Waziri alihutubia dakika hamsini. "Ndugu wananchi," akasema, "leo tunaandika historia, na kalamu yenyewe ni hii!" Akanyanyua waya. "Wenzetu walioendelea, mashine zao zinakufa hovyo bila mrithi. Sisi tumesema hapana! Sisi mashine yetu itakufa kwa utaratibu!" Bendi ikapiga. Waziri akachomoa.

Taa za Mkuu zikazimika. Feni ikazunguka mara mbili tatu kwa mazoea, ikasimama. Upande wa pili wa ukuta, Naibu aliamkia mara moja, hakuna jibu. Mara mbili. Mara tatu.

Tukangoja. Bendi nayo ikangoja, mpiga tarumbeta ameshavuta pumzi.

"Sista," Kasiani akanong'ona kwenye simu, "vipi huko?"

Sauti ya Sista Koleta ilikuwa kubwa, hata mimi niliisikia. "Vipi nini? Huku kwema."

"Dada yangu je?"

"Nimemuulizia sasa hivi, yuko hai, kaingia ndani. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa unanipigia kuniambia hakuna kitu, na foleni yote hii!" Akakata.

Kasiani akakaa chini, kwenye zulia la Mkuu, akajifunika uso kwa mikono miwili. Mpiga tarumbeta akakosa subira, akapuliza.

"Tayari?" akauliza Waziri.

"Tayari, Mheshimiwa," Kasiani akajibu.

"Mbona hakuna kilichotokea?"

"Ndiyo mafanikio yenyewe, Mheshimiwa. Naibu ameshika kazi ndani ya sekunde tatu."

"Posta?"

"Wanaendelea."

"Mashuleni? Mipakani?"

"Kote wanaendelea."

"Hakuna hata mmoja aliyepiga simu kumuulizia Mkuu?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

Waziri akautazama waya mkononi mwake. "Yaani nimemzima Mkuu," akasema polepole, "na nchi haina habari." Akageuka kumtazama Naibu Waziri, ambaye wakati huo alikuwa anapiga makofi peke yake, kwa moyo mkunjufu kabisa.

*

Tume iliundwa pale pale chini ya hema, ikamaliza kazi kabla pilau haijapoa. Taarifa yake ilikuwa na aya moja. Haifai Mkuu azimike watu wasijue. Kuanzia siku hiyo, Mkuu akizimika, huduma zote za uhai nchini zitasimama siku tatu za maombolezo, ndipo Naibu akalie kiti. Kasiani aingize amri hiyo kwenye mitambo kabla ya saa kumi.

"Mheshimiwa, siku tatu ni nyingi," Kasiani akasema. "Dada yangu amekosa Jumamosi na Jumanne. Zikisimama tena—"

"Basi muombee Mkuu uzima," akasema Waziri, "kama raia wengine." Akauchukua waya, akaurudisha ukutani kwa nguvu ya mtu aliyeudhika. Tukasikia tsss. Taa za Mkuu zikawaka, feni ikazunguka, watu wakashangilia, wakaelekea kwenye chakula.

Mimi na Kasiani tukabaki, kwa sababu ya harufu. Akafungua ubavu wa Mkuu kwa bisibisi, akachungulia, akaufunga.

"Kaungua," akasema. "Ndani kote. Zimebaki feni na taa."

"Sasa anayefanya kazi ni nani?"

"Naibu. Hajaacha tangu saa nne. Anamwamkia mtu aliyekufa."

Nikaangalia saa. Saa tisa na nusu. Amri ya maombolezo ikiingizwa, nchi inasimama hapo hapo mpaka Jumapili, na Jumamosi ya Theopista imekwenda. Jumamosi iliyopita na Jumanne alikosa. Leo alisafishwa nusu ya muda, foleni ilikuwa ndefu.

"Nikimfanya Naibu ajiitikie mwenyewe," Kasiani akasema, "aseme shikamoo, aseme na marahaba, mitambo itaona Mkuu yupo. Lakini kuna kitabu chako."

Kitabu changu kilikuwa kile cha Hali ya Mkuu, ninachojaza kila jioni na kupeleka kwa Katibu Mkuu. Miaka kumi na tisa sijaandika uongo kwenye kitabu cha serikali. Uongo hunifikia ukiwa umeshaandikwa tayari, kazi yangu ni mhuri tu.

Nikakifungua. Nikaandika: *Mkuu anawaka, feni inazunguka, hajatoa malalamiko.* Nikayasoma kwa sauti. Yalikuwa kweli tupu. Nikapiga mhuri, Kasiani akaenda upande wa pili wa ukuta.

*

Nchi iliingia kwenye utulivu ambao haujawahi kuonekana. Mkuu hakuzimika tena. Angezimikaje? Mwaka ulipita, harusi zikafungwa pande zote mbili, mipira ikachezwa dakika tisini. Chai ya saa nne iliendelea kuja. Theopista alirudi kufundisha siku za Jumatatu na Jumatano, akawa anawachapa watoto kwa maneno tu, lakini kwa nguvu.

Mwisho wa mwaka wakaja wakaguzi. Wakamkuta Mkuu ana siku mia tatu sitini na tano bila kuzimika, wakapendekeza nishani. Wakafungua faili la Naibu. Hajawahi kukaimu hata siku moja. Hana onyo, hana pongezi, hana likizo. Wakaandika: huyu ni mtumishi hewa, aondolewe, apelekwe bohari Ijumaa.

Kasiani alinisomea barua hiyo amesimama mlangoni kwangu. Hakuweza kusema kweli, maana Mkuu aliyekufa mwaka mzima bila kuombolezwa ni kesi ya watu wawili. Na Naibu akichomolewa Ijumaa, hakuna wa kumthibitisha Theopista Jumamosi. Wala wa kumthibitisha mtu mwingine yeyote.

"Tuwabadilishe vyumba?" nikauliza.

"Naibu hawezi kuzimwa hata dakika moja. Hawezi kuhama."

Tukatazamana. Kisha tukatazama zulia.

Alhamisi mchana, wenzetu wako chakula, tukahamisha vyote isipokuwa mashine. Zulia tukalikunja, tukalitandika chumba cha pili. Bendera ikahama, kibao cha mlangoni kikahama, kiti cha wageni kikahama. Ndoo ya mchanga na kanga tukavipeleka kwa marehemu. Saa kumi mhudumu alipita kuchukua kikombe, akakifuata kwenye zulia bila kuuliza.

Ijumaa wakaja watu wanne wa bohari. Wakaingia chumba chenye sakafu tupu, wakachomoa kilichokuwamo, wakakibeba.

"Mzito huyu, na hafanyi kazi," akasema mmoja.

"Ndio wanaonenepa," mwenzake akajibu.

Mchana Waziri akaja na nishani. Aliibandika kwa mkono wake, akarudi nyuma hatua mbili, akasema Mkuu anaonekana amepungua umri. Bwana Lugendo akasema ni matunzo.

Jumamosi saa mbili na nusu Theopista akafika dirishani. Kasiani alikuwa nyuma yake, ameshika mkoba wake. Sista Koleta akaandika namba, akangoja kidogo.

"Shangazi, uko hai."

"Nilikuwa najua," Theopista akasema. "Nilikuja kuwaambia nyie." Akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi Kasiani akaleta dokezo jipya masjala, anaomba mashine moja zaidi, ya akiba, maana sasa imebaki moja tena. Saa sita likarudi kutoka juu, wino wa kijani: *Mkuu hajazimika mwaka mzima na ana nishani. Wa pili ni wa nini?* Nikalipiga mhuri, nikamrudishia. Akalisoma amesimama, akalikunja, akaomba karatasi nyingine, akakaa kwenye kiti changu akaanza upya kwa maneno tofauti, kwa sababu kesho ilikuwa Jumanne.